Maswali Yenu: Makongamano ya Lugha na Kompyuta, Nani Anaingia na Anaingia Vipi

Mara hii barua zote ni za makongamano, yale ya isimu kompyuta, yaani lugha ikifanyiwa kazi kwa kompyuta, na yale ya humaniti za kidijitali, yaani fasihi, historia na nyaraka zikifanyiwa kazi kwa kompyuta. Nyengine nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaacha kama mlivoomba.

Assalaam alaykum Mwalim. Mie nasoma masters ya Kiswahili, kwetu Wete. Nimerikodi wazee wa Micheweni na Kojani wanazungumza Kipemba chao, rikodi zipo nyingi na baadhi nishaziandika kwenye Word. Supavaiza kaniambia kuna makongamano ya kupeleka kazi kama hii, nikitafuta naona herufi tu, ACL, LREC, DH, sijui lipi ni langu. Na programu mie sijui hata moja. Niwaachie wenyewe wa kompyuta? – Mwanafunzi, Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Usimuachie mtu, hiyo kazi ni yako na wenyewe wa kompyuta ndo wanaoitafuta.

Herufi zisikutishe, yapo mafungu mawili tu. La mwanzo ni la lugha na kompyuta, wakubwa wake ni ACL, chama kilichoanza 1962 wakati watu wanahangaika na kutafsiri kwa mashine, jina hili la sasa wamelichukua 1968. Mkutano wao wa kila mwaka unaitwa hivo hivo ACL, upo EMNLP, na yapo matawi kama EACL ya Ulaya na NAACL ya Amerika Kaskazini. Pembeni kuna COLING ulioanza New York 1965, na kuna LREC ulioanza Granada, Hispania, 1998, na huu LREC ndo nataka uukodolee macho kwa sababu umejengwa juu ya rasilimali za lugha, yaani makusanyo ya maandishi, rikodi, kamusi, zana. Kwengine watakuuliza modeli yako, yaani programu iliyofunzwa kwa data, imepata alama ngapi, LREC watakuuliza data umeikusanyaje, kwa nani, imeandikwa kwa utaratibu gani na mtu mwengine ataipata wapi. Maswali hayo wewe una majibu yake. 2024 LREC na COLING waliungana wakafanya mkutano mmoja Torino, Italia, kwa hivo usishangae ukiona majina mawili yamefungwa pamoja.

Fungu la pili ni la humaniti za kidijitali. Huko juu kuna muungano wa vyama unaitwa ADHO, wa tokea 2005, na mkutano wao wa kila mwaka unaitwa DH na mwaka nyuma yake, DH2023 ulikuwa Graz, DH2025 Lisbon. Karibu na sisi kuna DHASA ya Kusini mwa Afrika, na wao mara nyingi wanakuwa na warsha ya RAIL ambayo ni ya rasilimali za lugha za asili za Afrika khasa.

Tafauti kubwa ya mafungu haya ni kile unachopeleka. Kwa watu wa DH unapeleka ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa kazi, wakiipenda unakwenda kuzungumza, makala kamili unaandika baadae kwenye jarida. Kwa watu wa ACL unapeleka makala kamili tokea mwanzo, inasomwa na wataalamu, ikikubaliwa ndo imeshachapishwa hiyo, na inakaa kwenye maktaba yao ya mtandaoni, ACL Anthology, ambayo mtu yoyote anaingia na kusoma bila ya kulipa hata senti. Ingia hata kwa simu, tafuta Kiswahili, usome wenzako wameandika nini kabla hujaandika neno lako la mwanzo.

Ungeniuliza mie ningekwambia anza na RAIL au na warsha ya AfricaNLP, hii ipo tokea 2020 na inahama, mwaka huu inaambatana na mkutano huu, mwaka ujao na mwengine, 2023 ilikuwa Kigali pamoja na ICLR, mkutano mkubwa wa watu wa kufundisha mashine. Warsha ni ndogo, watu wanasikilizana, na rivyua wake, yaani wataalamu wanaozisoma na kuzipima makala, wanajua kwamba lugha zetu hazina data za kumwaga. Ukishapata maoni ya huko ndo ukaandae ya LREC. Na kuhusu programu, mtu wa kuzijua utampata, Masakhane ni jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika iliyoanza 2019, iko wazi, mtu anajiunga tu na kusema nina hichi natafuta mwenzangu wa kufanya nae. Nyinyi wawili mnaandika pamoja, majina yote mawili juu. Ila kabla hujatuma faili hata moja mkubaliane kwa maandishi nani anafanya nini na jina la nani linaanza, mkae hivo tokea siku ya mwanzo.

Sasa kwa nini nasema wanaitafuta. Kiswahili kina makusanyo, la Helsinki ambalo asili yake ni kazi za profesa Arvi Hurskainen lina maneno kama milioni 25, lakini mengi ni ya magazeti na vitabu, Kiswahili sanifu. Mzee wako wa Kojani akisema "kafika" anakusudia amefika, na mashine iliyolelewa na magazeti inaweza kuichukulia ile "ka" kama ya kusimulia, akafika, na sentensi nzima ishapotoka. Hilo peke yake ni makala fupi, uoneshe mashine zinakosea wapi na kwa kiasi gani. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wana kamusi za lahaja zetu, Kipemba, Kimakunduchi, Kitumbatu, lakini kamusi inakupa neno moja moja, mazungumzo ya watu yanayokwenda na sauti yake ni kitu chengine na hayo ndo ulonayo wewe.

Kwa hivo kazi iliyobaki ni ya mkono. Toka kwenye Word, chukua programu inaitwa ELAN, ya bure, wameitengeneza taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, inafunga maandishi na sauti sekunde kwa sekunde na si ngumu kuijifunza. Kila rikodi andika mzungumzaji ana umri gani, mwanamme au mwanamke, kijiji gani, amekulia hapo au kahamia, mmezungumza nini. Tahajia uamue moja na ushike hiyo hiyo mwanzo mpaka mwisho. Na jambo ambalo sikusameheni nyote, wazee waulizwe kama wamekubali sauti zao zisikilizwe na watu wa nje, waelezwe kwa lugha wanayoielewa sio kusainishwa karatasi ya Kiingereza, na anaetaka jina lake litajwe litajwe, anaetaka lifichwe lifichwe. Ukitoka kwenye kongamano urudi Kojani uwasikilizishe.

Mwalim, shikamoo. Nyumbani kwetu Mji Mkongwe kuna tenzi za babu zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi zimeanza kuliwa na wadudu. Amekuja mtafiti wa nje anataka kuzichukua azipige picha, azisomeshe kompyuta, anasema ni kwa kongamano la kidijitali. Mama anaogopa, kaka anasema tumpe tu. Tufanyeje? – Mjukuu, Mji Mkongwe

Marahaba. Mama yako ana haki ya kuogopa na kaka yako nae hakukosea, kwa sababu karatasi zikiendelea kuliwa hakuna wa kupewa wala wa kunyimwa.

Kazi yenyewe ni ya kweli. Zipo programu kama Transkribus, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, na eScriptorium, unazifundisha hati ya mkono kwa kuzionesha kurasa ulizozisoma wewe na kuziandika, baadae zinajaribu kusoma kurasa nyengine zenyewe. Sasa tenzi zetu za herufi za Kiarabu ni mtihani mkubwa kwao, mana herufi zile zinaandika sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, kila mwandishi alikuwa na namna yake, na irabu nyengine zimeachwa msomaji ajaze kwa kuijua lugha. Mtu wa kuweza kusema hapa babu kaandika nini ni nyinyi, au shekhe wa mtaani anaeijua hati ile. Bila ya nyinyi kompyuta yake haina cha kujifunza.

Kwa hivo mna nguvu ya kukaa na kupatana. Asili ya karatasi haitoki nyumbani, hilo msilegeze kamba. Picha zipigwe hapo hapo sebuleni mbele ya mtu wenu, kwa mwanga mzuri, na siku hiyo hiyo mupewe nakala kamili ya kila picha kwenye diski yenu. Muulizeni akuoneshe kibali cha utafiti cha Serikali ya Zanzibar, mtafiti wa kweli anacho na hatokasirika kuulizwa. Halafu iandikwe kwa Kiswahili: picha zitawekwa wapi, nani ataziona, zitaweza kuuzwa au haziwezi, na jina la babu na la familia litaandikwa vipi kila pahala kazi ikioneshwa. Na anaesoma kurasa na kuzinukuu, kama ni wewe au shekhe, awe mwandishi mwenza wa makala. Asiwekwe chini kwenye shukrani tu.

Nasisitiza hili la majina kwa sababu fani yenyewe ilianza na dhulma ya aina hii. Wanaoisimulia historia ya humaniti za kidijitali wengi huanzia 1949, padri wa Kitaliano Roberto Busa alipokwenda kwa kampuni ya IBM kuomba msaada wa kuorodhesha kila neno kwenye maandishi ya mwanateolojia wa Kikristo Thomas Aquinas, maneno kama milioni 11, na kazi ilipochapishwa ilitoka majuzuu 56. Jina la Busa linajulikana, hata tunzo kubwa ya watu wa DH imepewa jina lake. Mashine za wakati ule zilisoma matundu ya kadi, na kadi hizo zilitobolewa na wasichana wa Kitaliano, ndo waliokaa kutwa wanaingiza neno baada ya neno, na wao kwa miaka na miaka hawakutajwa, mpaka watafiti wa zama hizi walipoanza kuwatafuta na kuwahoji, wengine ni wazee tayari. Msikubali shekhe wenu awe hivo.

Na kama bado mna wasiwasi nendeni Nyaraka kule Kilimani mkaulize namna ya kuhifadhi karatasi za zamani. Wadudu hawasubiri makubaliano, hili la kuhifadhi lianzeni sasa.

Mambo Mwalim. Mie wa Fuoni, nasoma kompyuta sayansi, nimetengeneza modeli ya kutambua hisia kwenye komenti za Kiswahili cha Zanzibar. Nikatuma kwenye mfumo wa ACL, majibu yamekuja, rivyua mmoja kanipa alama ndogo eti kwa nini Kiswahili tu, mbona sikujaribu Kiingereza. Mwengine kasema data ndogo na sikueleza mapungufu vya kutosha. Nimevunjika moyo kwakweli. Nilipie tena nitume au basi? – Kijana wa Fuoni

Poa mwanangu. Kwanza hakuna malipo ya kutuma, kama kuna mtu kakutoza kwa kutuma makala ACL kakuibia. Malipo yanakuja ukishakubaliwa, pale unapojiandikisha kuhudhuria.

Huo mfumo uliotumia ni ARR (ACL Rolling Review), walianza nao 2021, na unavyokwenda ni tafauti na wengi wanavodhani. Makala inakwenda kwenye ARR ikiwa haina jina, rivyua hawakujui na wewe huwajui, makala ndefu kurasa 8 na fupi kurasa 4, marejeo hayahesabiwi. Rivyua wakishatoa maoni unapewa nafasi ya kuwajibu, juu yao kuna mtu wa kukusanya maoni yote na kuandika yake. Ukishaona mzigo wako ulivyo, hapo ndo unaamua kuupeleka kwenye mkutano fulani au kuirekebisha makala na kuirudisha raundi nyengine. Kwa hivo wewe hukufukuzwa, umerudishwa ukafanye kazi, na ukirudi unaweza kuomba rivyua wale wale waone ulichobadilisha, au kuomba mmoja abadilishwe kwa kueleza sababu.

Huyo wa mbona si Kiingereza, huyo ana makosa na una haki ya kusema. Muongozo wa ARR kwa rivyua wenyewe umeorodhesha sababu dhaifu za kukataa makala, na kuwa kazi ni ya lugha isiyokuwa Kiingereza imo. Kwenye jibu lako itaje sehemu hiyo ya muongozo kwa adabu, mistari miwili mitatu, usigombe. Na ongeza hoja, wale wanaofanya Kiingereza peke yao mbona hawaulizwi wajaribu Kiswahili? Profesa Emily Bender wa isimu kompyuta ameshindilia sana kwamba kila makala itaje lugha inayoifanyia kazi hata kama ni Kiingereza, watu wakaiita kanuni ya Bender, na ACL 2022 mjini Dublin, ambao ulikuwa mkutano wa 60, maudhui maalumu yalikuwa utafauti wa lugha. Mlango uko wazi kuliko ulivyokuwa.

Lakini huyo wa pili msikilize, kasema kweli. Sehemu ya mapungufu ni ya lazima, makala isiyokuwa nayo inarudishwa hata haijasomwa, na wengi wanaiandika kama kutimiza wajibu tu, mistari miwili. Iandike kwa urefu: komenti umezitoa wapi, kurasa za aina gani, waandishi wengi ni vijana wa mjini au na watu wa shamba wamo, nani kaziwekea lebo za hisia, walikuwa wangapi, walikubaliana kwa kiasi gani. Hili la makubaliano ya waweka lebo kama hukulipima lipime kabla hujarudisha, bila yake watakurudisha tena. Halafu linganisha kazi yako na AfriSenti, mkusanyo wa maandishi yaliyowekewa lebo za hisia, ile ya shindano la SemEval 2023, ina lugha 14 za Afrika na Kiswahili kimo, ukionesha modeli iliyofunzwa kwa data zile inafanyaje kwenye komenti za Unguja na Pemba hapo umempa rivyua kitu cha kushika, na udogo wa data yako hautokuwa hoja tena kwa sababu data yako imekuwa kipimo.

Na kama hujawahi kuchapisha, angalia warsha ya utafiti ya wanafunzi inayokwenda na ACL. Wao wana utaratibu wa kukupa mlezi mwenye uzoefu akusomee rasimu kabla ya dedlaini. Anza mapema, dedlaini ya kuomba mlezi inakuja kabla ya dedlaini yenyewe na hapo ndo vijana wengi wanapokosa.

Nimepata imeili naambiwa nimeteuliwa spika mkuu kwenye kongamano la kimataifa la isimu, kompyuta, udaktari na uhandisi, hoteli kubwa nje ya nchi, nilipe dola mia nne na zaidi ndani ya siku tatu. Mie bado nasoma digrii ya kwanza. Ni kweli? – Chake Chake

Si kweli, usilipe. Kongamano linalochanganya isimu na udaktari na uhandisi ukumbi mmoja halina wa kukusikiliza, na hakuna anaemteua spika mkuu akamtoza pesa. Ukitaka kulipima kongamano lolote tafuta makala za mwaka uliopita zimewekwa wapi, tafuta kamati ya programu kisha umuandikie mmoja wao kwa imeili ya chuo chake sio ile iliyoko kwenye tangazo. Wapo walioandikwa kwenye kamati na wenyewe hawajui.

Mwalim mwenzangu, mie ni mhadhiri. Nikienda kwenye haya makongamano yenu kamati ya kupandishwa vyeo inaniambia kongamano si jarida, haihesabiki sana. Kuna faida gani ya kujichosha? – Mhadhiri, Unguja

Mwalim, hilo linaumiza na ntakujibu kwa lile linalofanyika. Kwenye fani hii makala ya mkutano inapita kwa rivyua watatu kwa kawaida, nyingi zinakataliwa, na ndo pahala watu wanapoweka kazi zao bora. Kamati inayozipima kama zile ikisiri za kwenye makabrasha inazipima kwa kibaba kisichokuwa chake. Andika barua ya ukurasa mmoja ueleze utaratibu wa rivyu, ambatisha maoni ya rivyua na kiungo cha Anthology, na omba kitivo kiwe na msimamo wa maandishi juu ya hili, mana halitokuwa lako peke yako. Wahadhiri wa kompyuta wa nchi nyengine wameshalipigania jambo hili vyuoni kwao.

Na wakati barua inatembea, ipo njia isiyohitaji ruhusa ya mtu. Jarida la TACL ni la ACL wenyewe, ni jarida kamili, na makala ikikubaliwa huko unaweza kuiwasilisha kwenye mmoja wa mikutano yao, kwa hivo umepata jarida na umepata kongamano kwa kazi moja. MasakhaNER, ile kazi ya kutambua majina ya watu na pahala kwa lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ilitoka kwenye TACL 2021, waandishi wengi Waafrika. Si jambo la mbali.

Assalaam alaykum. Mie mama wa Mkoani. Binti yangu yuko chuo, makala yake imekubaliwa mkutano wa Ulaya, baba yake anasema hendi peke yake na pesa hatuna. Mtoto analia kutwa. Nisaidie mwanangu. – Mama wa Mkoani

Waalaykum salaam bi mkubwa, na hongera, wallahi hongera sana, hilo alilolipata mtoto wako wengi wanalitafuta hawalipati.

Kwanza mtulize, makala haipotei kwa kukosa safari. Mikutano mingi ya fani hii baada ya korona imebakisha njia ya kuhudhuria mtandaoni, ada yake ni ndogo kuliko ya kwenda, na makala inachapishwa sawa sawa na ya aliekwenda. Muhimu mwandishi mmoja awe amejiandikisha, hilo asilikose, akilikosa hapo ndo makala inaweza kutolewa.

La pesa, asikae kimya. Ndani ya tovuti ya mkutano kuna fomu ya msaada, mara nyingi inasimamiwa na kamati ya ujumuishi, wanaweza kulipa ada, pengine na nauli. Wanafunzi wanaojitolea kusaidia ukumbini mara nyingi wanasamehewa ada. Fomu hizi zinafungwa mapema na anaejaza vizuri akaeleza wazi hali yake anaangaliwa, kwa hivo akae nayo leo, asiandike kwa haya.

La viza, aombe mapema kuliko anavodhani. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, zinapokea maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tokea Juni 2024, bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000. Barua ya mwaliko aombe kwa waandaaji siku ile ile aliyokubaliwa. Ahesabu na boti ya Pemba na ya Dar, na siku za kulala Dar kwa ajili ya kupeleka maombi na alama za vidole, mana haya watu wa Unguja na Pemba tunayalipia zaidi na kwenye fomu ya msaada ayaandike pia.

La baba yake mie siingii baina yenu, lakini naweza kumpa habari ya kumtuliza. Aulize supavaiza kama kuna mwengine wa Tanzania au Kenya anaekwenda, mara nyingi yupo, wakasafiri pamoja wakakaa pamoja, na wanawake watafiti wa Kiafrika kwenye mikutano hii wanajuana na wanapokeana. Fomu ya kujiandikisha inauliza chakula, aandike halali, na waandaaji awaandikie kuhusu pahala pa kusalia. Baba azungumze mwenyewe kwa simu na supavaiza, asikie kwa masikio yake. Na kama moyo wake bado umekataa mwaka huu, mtoto awasilishe mtandaoni, kisha aangalie ya karibu. Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa Waafrika wa akili bandia, inazunguka ndani ya Afrika, 2019 ilikuwa Nairobi, 2023 Accra, 2025 Kigali, na Mtanzania anaingia Kenya na Rwanda bila ya viza.

Mwalim hivi kuna kongamano hata moja mtu anawasilisha kwa Kiswahili? Kingereza changu cha kusoma kipo, cha kusema ndo tabu. – Msomaji, Makunduchi

Yapo. BAKIZA wana kongamano lao la kimataifa la Kiswahili hapa hapa kwetu, CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, wana la kwao, na Bayreuth kule Ujerumani kuna kongamano la Kiswahili la kila mwaka ambalo Kiswahili kinazungumzwa ukumbini bila ya wasiwasi. Kote huko kazi ya lugha na kompyuta inaweza kuingia, na ningependa ziingie nyingi zaidi kwa sababu kule ndo utawakuta watu wa kukwambia hapa umekosea Kimakunduchi, jambo ambalo rivyua wa ACL hawezi. Kwa ACL na LREC makala inaandikwa kwa Kiingereza, ila si lazima usimame jukwaani, wengi wanawasilisha kwa bango, unasimama pembeni ya bango lako watu wanakuja mmoja mmoja wanauliza, unajibu pole pole huku unawaonesha kwa kidole, na bango halina hadhi ndogo kuliko hotuba, makala zote zinakaa kwenye kitabu kimoja. Ukijaza fomu ya namna ya kuwasilisha chagua hilo.